Ramani ya sikio ilichorwa Lyon: jinsi ya kuisoma na kubandika mbegu bila kujidhuru

Ukiingia kliniki ya tiba mbadala hapa Nairobi, huenda ukakuta ukutani picha ya sikio kubwa lililojaa vitone, kila kitone na jina lake: ini, figo, goti, jicho. Ukiuliza elimu hiyo ilikotoka, utaambiwa ni ya Wachina na ina maelfu ya miaka. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, ila picha yenyewe haikuanzia China. Aliyeichora kwanza ni daktari Mfaransa, Paul Nogier wa mji wa Lyon, katika miaka ya 1950, kisha Wachina wakaipokea na kuifanyia kazi kwa namna yao.

Tunalitanguliza hili kwa sababu linamgusa moja kwa moja anayetaka kubandika mbegu sikioni mwake, yaani kushikiza mbegu ndogo kwa plasta juu ya kitone na kuibonyeza. Leo kuna ramani mbili, ya Kifaransa na ya Kichina, na kuna mahali haziafikiani kabisa. Goti la Nogier liko ndani ya kishimo ambacho ramani ya Kichina imekipa via vya uzazi. Mtu anayefuata picha aliyotumiwa kwenye WhatsApp, asijue ni ya nani, anaweza kukaa wiki nzima akibonyeza mahali ambapo aliyeichora hakukusudia.

Ilivyoanza

Kugusa sikio ili kutibu sehemu nyingine ya mwili ni jambo la kale. Katika makaburi ya Mawangdui nchini China, ambamo kaburi moja lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, wachimbaji wa miaka ya 1970 walikuta maandishi ya tiba yanayotaja mshipa wa sikio. Kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, Huangdi Neijing, nacho kinalitaja sikio kama mahali mishipa mingi inapokutana. Lakini humo hamna ramani wala mia ya vitone. Ulaya nako kulikuwa na desturi zake: mwaka 1637 daktari Mreno Zacutus Lusitanus aliandika habari za kuchoma sikio kwa ajili ya siatika, yaani maumivu yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni kwa nyuma. Mwaka 1717 Antonio Maria Valsalva, mtaalamu Mwitaliano wa sikio, alionyesha mahali pa kuchanja sikioni ili kutuliza maumivu ya jino. Msomaji aliyekulia kwenye desturi ya kutiwa chale au kuumikwa hatashangaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Nogier alianza kuona kovu dogo la moto sikioni mwa baadhi ya wagonjwa wake, tena mahali pale pale kwa kila mmoja. Walimweleza kwamba walikuwa na siatika, wakaenda kwa mganga mwanamke wa Marseille, Madame Barrin, akawachoma sikio na maumivu yakapungua. Nogier alijaribu mwenyewe, kwanza kwa kuchoma, halafu akabadilisha na kutumia sindano. Kisha akajiuliza swali ambalo wachomaji waliomtangulia hawakuliuliza: kwa nini pale? Siatika huanzia chini ya uti wa mgongo. Kovu lilikuwa sehemu ya juu ya tuta la ndani la sikio. Basi huenda tuta lile ni uti wa mgongo uliogeuzwa, kiuno juu na shingo chini. Kama ni hivyo, kichwa kitakuwa kwenye ndewe, na sikio zima litakuwa kama mtoto aliyelala tumboni mwa mamake kichwa chini. Ramani yote imejengwa juu ya wazo hilo moja.

Mwaka 1956 aliliwasilisha kwenye kongamano la akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano, huko Marseille, na mwaka 1957 likachapishwa katika jarida la Kijerumani la akupancha. Mwaka 1958 lilikwisha kufika Shanghai kwa Kichina. Madaktari wa China wakaanza kulipima kwa wagonjwa wao, wakaongeza vitone walivyoviona wenyewe, na vingine wakavihamisha. Hapo ndipo njia zilipoachana. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilifanya mkutano, huko huko Lyon, kujaribu kuoanisha majina ya vitone, lakini ramani mbili bado zinaishi.

Kuzitambua si kazi. Ikiwa picha yako ina herufi na namba kama TF4, CO10 au AH6, au moyo uko katikati ya bakuli la sikio, hiyo ni ya Kichina. Ikiwa imechorwa mtoto aliyepinduka, au mguu mzima uko ndani ya kishimo cha pembetatu na moyo uko juu ya tuta, hiyo ni ya Kifaransa. Mbegu nyingi zinazouzwa huja na picha ya Kichina, kwa hiyo ndiyo tutakayoifuata hapa, na pale zinapotofautiana tutasema.

Lijue sikio kwa kidole kabla ya macho

Keti mbele ya kioo, au mwombe mtu akupige picha ya sikio kwa simu karibu na dirisha. Mwanga uje kutoka upande, kwa sababu mwanga wa mbele hufuta vivuli na sikio lote huonekana bapa. Kisha weka simu chini utumie kidole.

Anza na ukingo wa nje, ule uliokunjika kama pindo la shati. Ufuate kutoka ndewe kupanda hadi kileleni, kisha uteremke mbele. Utaona hauishii usoni: unaingia ndani na kukata bakuli la sikio katikati kama ulimi mdogo. Huo ni mzizi wa ukingo. Juu yake kuna nusu ndogo ya bakuli, chini yake nusu kubwa yenye tundu la sikio. Kwenye ramani ya Kichina, nusu ya juu ni ya viungo vya tumboni kama figo, na nusu ya chini ni ya kifua, yaani moyo na mapafu. Pale mzizi unapoishia ndani ya bakuli ni tumbo la chakula.

Mbele ya tundu kuna kifuniko, kile unachokibonyeza muziki wa matatu ukizidi. Mkabala nacho, juu tu ya ndewe, kuna kinundu. Anzia kwenye kinundu upande na kidole: hilo ndilo tuta. Linapanda sambamba na ukingo, na kati yao kuna mfereji mrefu. Karibu na juu tuta linagawanyika matawi mawili. La juu ni pana na laini, unaweza usiligundue mara moja. La chini ni jembamba na kali, linakwenda mbele na kujificha chini ya ukingo. Kati ya matawi hayo mawili kuna kishimo cha pembetatu.

Ukishaweza kutaja sehemu hizo ukiwa umefumba macho, una zaidi ya nusu ya kazi. Wengi hushindwa hapa tu. Wanapima kwa milimita kutoka kwenye picha, wakasahau kwamba masikio hayafanani: lako linaweza kuwa refu, bapa, au lenye tawi la chini fupi sana. Kitone hutafutwa kwa kufuata alama za sikio lenyewe, wala si kwa rula.

Jambo moja la hapa kwetu. Mwenye ndewe iliyotobolewa na kupanuliwa kwa desturi, kama wazee wengi wa Kimaasai, au iliyochanika kwa hereni nzito, aiache ndewe. Vitone vya taya na jicho vilivyokuwa hapo vimesogea pamoja na nyama, na juu ya kovu ngozi haihisi sawasawa. Tumia sehemu zenye gegedu tu, yaani zile ngumu zinazopindika.

Vifaa

Mbegu zinazotumika China ni za mmea wa Vaccaria, duara, nyeusi, za karibu milimita 2, na huuzwa zikiwa zimebandikwa tayari kwenye vipande vya plasta. Ukizikosa, mbegu ya haradali, ile rai inayopatikana kwenye maduka ya viungo ya Ngara na Parklands, ina ukubwa unaofaa. Chagua zilizo duara na nzima, kwa sababu haradali iliyopasuka hutoa ukali unaounguza ngozi. Ndengu usitumie. Ni kubwa mno, hazikai kwenye mikunjo, na zinasukuma plasta itoke. Vidonge vya chuma vilivyopakwa rangi ya dhahabu huuzwa pia. Vinafaa kwa ngozi inayotoka jasho jingi kwa sababu havinyonyi maji, ila kama hereni za bei rahisi hukuwasha masikio, huenda ni nikeli, na vidonge hivyo vitakuwasha vilevile.

Mengine yote yanapatikana kwenye duka la dawa lolote: spiriti ya asilimia 70, pamba, plasta ya kitambaa, mkasi mdogo na kibanio cha nyusi. Kama mbegu zako hazina plasta, kata vipande vya mraba vya milimita 6 kwa 6. Vikubwa zaidi hukunjika kwenye mikunjo ya sikio na kuingiza maji. Weka mbegu katikati ya upande wenye gundi kabla ya kuanza, 6 au 7 hivi, upange kwenye sahani safi.

Unahitaji pia kijiti cha kutafutia. Chukua kijiti cha kiberiti, vunja upande wenye baruti, kisha sugua ncha kwa msasa hadi iwe duara kama kichwa cha pini kubwa. Ipitishe kwenye mdomo wako wa chini: ikikwaruza, endelea kusugua. Kalamu ya Biro haifai, kwa sababu wino huacha alama zitakazokuchanganya na chuma chake ni kidogo mno. Kila mahali pataonekana panauma.

Mfano mmoja hadi mwisho: maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni

Tunachagua siatika kwa kuwa ndiyo iliyozaa ramani hii, na kwa kuwa hapa ramani zote mbili zinakaribiana, kiuno na mguu vikiwa sehemu ya juu ya tuta na matawi yake.

Kwanza hakikisha si kazi ya hospitali. Mguu ukilegea, ganzi ikishika sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au mkojo na choo vikigoma au kutoka vyenyewe, nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo. Neva zinabanwa na kila saa ina thamani. Vivyo hivyo maumivu ya kiuno yenye homa, au yaliyofuata ajali ya boda boda. Mbegu haina kazi hapo.

Kama si hivyo, nawa mikono kwa sabuni. Futa sikio la upande ule ule unaouma kwa pamba yenye spiriti, ukianza ndani ya kishimo na kutoka nje, halafu futa tena kwa pamba mpya. Pamba ya pili ikitoka na rangi ya kahawia, rudia. Vumbi la Nairobi na mafuta ya nywele ndiyo yanayoangusha mbegu nyingi kabla ya jioni. Ngoja dakika nzima sikio likauke. Gundi haishiki kwenye spiriti mbichi, na wengi hulaumu plasta bure.

Sasa shika kijiti kama kalamu, kidole gumba cha mkono mwingine kikiwa nyuma ya sikio kama mto. Weka ncha kwenye tawi la chini la tuta, lile jembamba. Kwenye ramani ya Kichina, theluthi mbili za mbele za tawi hilo ni neva ya siatika, theluthi ya nyuma ni tako. Bonyeza kwa nguvu ndogo isiyobadilika, hesabu mbili, inua, sogea milimita 1 au 2, bonyeza tena. Nenda tawi zima namna hiyo. Huendi kutafuta mahali panapouma tu, maana tawi hilo ni kali na lote litauma kidogo. Unatafuta mahali panapokufanya ukunje uso au uvute kichwa bila kutaka, kwa nguvu ile ile ambayo jirani yake aliivumilia. Hapo tua, ongeza nguvu kidogo, ngozi iache alama ya kibonyeo itakayodumu nusu dakika. Hiyo ndiyo alama yako, hakuna haja ya kalamu.

Shika kipande cha plasta kwa kibanio kwenye pembe, mbegu ikikutazama, uielekeze kwenye kibonyeo, ibandike kwa ncha ya kidole, kisha ulaze pembe nne moja moja. Pembe iliyosimama itanaswa na mtandio au nywele.

Ongeza mbegu mbili. Moja kwenye shen men, ambayo ni kitone namba TF4, kwenye sehemu ya juu na ya nyuma ya kishimo cha pembetatu, karibu na pale matawi yanapoachana. Jina lake kwa Kichina ni mlango wa roho, na hutumiwa karibu katika kila tiba ya maumivu na wasiwasi. Nyingine iweke kwenye tuta lenyewe, chini kidogo ya mgawanyiko, ambako ni kiuno. Tatu zinatosha. Mtu mwenye mbegu kumi sikioni hawezi kujua ipi inamsaidia na ipi inamkera, na ngozi yote huchoka pamoja.

Kubonyeza

Mbegu haifanyi kazi kwa kukaa tu. Mara 3 hadi 5 kwa siku, ishike kati ya gumba na kidole cha shahada, gumba nyuma ya sikio, ubonyeze moja kwa moja kuelekea ndani kwa sekunde 30 hadi 60. Hisia inayotakiwa ni maumivu mazito yenye joto, sikio kuwa jekundu kidogo. Maumivu ya kuchoma kama sindano ni ishara kwamba mbegu imekaa upande au ngozi imeanza kuchubuka. Usisugue wala usizungushe. Mbegu iliyozungushwa hutafuna ngozi kama jiwe ndani ya kiatu, na ngozi ya juu ya gegedu ni nyembamba mno kuvumilia hilo.

Kwa maumivu, bonyeza huku ukitikisa kiungo kinachouma taratibu: inama mbele kidogo, nyoosha mguu, zungusha shingo. Hivi ndivyo utakavyojua mapema kama umepata mahali sahihi. Ukibonyeza mara mbili tatu huku ukitembea na kiuno hakijabadilika hata kidogo, bandua, tafuta tena kwa kijiti.

Acha mbegu siku 3 hadi 5, kisha ubandue, upumzishe sikio siku moja au mbili na, ukiendelea, uhamie sikio la pili. Kuoga si tatizo mradi ukaushe sikio kwa kubonyezea taulo, bila kusugua. Waendesha boda boda na wanaovaa vipokea sauti vikubwa siku nzima wapunguze ziwe siku 2, au wabandike usiku tu. Kofia ngumu hubonyeza mbegu saa nane mfululizo, na huo si ubonyezaji tena bali ni kidonda kinachotengenezwa.

Vitone vingine vichache vya kuanzia

Shingo iliyokakamaa kwa kukaa mbele ya kompyuta: sehemu ya chini ya tuta, juu kidogo ya kinundu. Bega: mfereji, takriban usawa wa mzizi wa ukingo au chini yake kidogo. Hapo anayeshuka zaidi hufika kwenye mtulinga, anayepanda hufika kwenye kiwiko na kifundo cha mkono. Kichefuchefu: pale mzizi wa ukingo unapoishia. Usingizi unaosumbua: shen men pamoja na moyo, ulio katikati ya nusu ya chini ya bakuli, penye bonde. Bakuli ni gumu kubandika kwa sababu lina nta na unyevu. Lifute mara tatu na utumie kipande kidogo zaidi cha plasta.

Goti ndilo linaloleta mkanganyiko. Wachina wanaliweka kwenye tawi la juu la tuta, Nogier ndani ya kishimo. Usichague kwa imani. Pima sehemu zote mbili kwa kijiti na ubandike panapoitikia. Mjamzito asiguse kishimo hicho wala asijibandike chochote kabla ya kuzungumza na mkunga wake.

Kinachojulikana na kisichotegemewa

Bakuli la sikio linapata tawi la neva ya vagasi, ile inayoshuka hadi moyoni na tumboni. Ndiyo maana baadhi ya watu hukohoa wakisafisha sikio. Sehemu nyingine za sikio zinahudumiwa na neva za uso na za shingo. Kwa hiyo kugusa sikio kuna njia ya kufika kwenye ubongo. Kwamba kila kiungo kina kitone chake cha milimita mbili ni dai kubwa zaidi, na ushahidi wake haujatulia.

Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2003 ulioongozwa na David Alimi, wenye wagonjwa 90 wa saratani, uliona maumivu yakipungua kwa asilimia 36 baada ya miezi miwili kwa waliotibiwa sikio, dhidi ya asilimia 2 kwa waliopewa tiba ya kuigiza. Upande wa pili, itifaki ya vitone vitano, yaani utaratibu wa kuchoma sindano vitone vitano vya sikio, ilikuzwa kwa waraibu wa dawa za kulevya katika hospitali ya Lincoln huko Bronx, New York, kuanzia miaka ya 1970, baada ya daktari H. L. Wen wa Hong Kong kuripoti mwaka 1973 kwamba sindano za sikioni zenye umeme ziliwapunguzia waraibu wa kasumba mateso ya kuacha. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, wenye watu 620 waliotumia kokeini, haukuona sindano hizo zikishinda za kuigiza. Msimamo wetu ni huu: tumia sikio kutuliza maumivu, wasiwasi na kichefuchefu, ukiendelea na dawa zako. Anayekwambia uache vidonge vya presha, sukari au ARV kwa sababu ya mbegu anakuhatarisha, hata awe na cheti gani ukutani.

Yanayoharibika

Ngozi ikichubuka, bandua zote, safisha kwa maji na sabuni, acha wazi hadi ipone. Sikio likivimba, likawa jekundu na moto, na maumivu yakazidi badala ya kupungua, hasa ikiwa ndewe iko sawa lakini sehemu ya juu imevimba, hiyo ni dalili ya maambukizi ya utando wa gegedu. Gegedu halina mishipa yake ya damu, kwa hiyo dawa hufika polepole na vidudu hujificha. Likicheleweshwa hufa na sikio hujikunja kama jani lililoungua. Usingoje kesho, nenda kwa daktari siku hiyo, na usikubali kupewa marhamu peke yake.

Keloidi ni suala letu zaidi kuliko la wengi, kwa kuwa ngozi nyeusi huota makovu makubwa kwa urahisi. Ukiwa na kovu lililoota baada ya kutoboa sikio, chanjo au chale, baki kwenye mbegu, na kataa sindano zozote za kuachwa sikioni. Hali kadhalika wenye vali bandia ya moyo, wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na wenye kisukari kisichodhibitiwa. Maambukizi ya vali ya moyo kutokana na sindano zilizoachwa sikioni yamewahi kuripotiwa na madaktari.

Ukiamua kwenda kwa sindano, angalia mkono wa mtoa tiba kabla ya cheti chake. Pakiti ifunguliwe mbele yako, sindano ziwe za kutumika mara moja, unene wa milimita 0.20 hadi 0.25. Zikae dakika 20 hadi 45 na zihesabiwe wakati wa kuingiza na wakati wa kutoa, kwani sindano iliyosahaulika nyuma ya nywele ni kosa linalotokea. Ziingie kwenye kasha gumu la manjano, si kwenye ndoo ya takataka. Ulale au uegemee, na uwe umekula, maana sikio linaweza kumfanya mtu azirai kwa kushusha mapigo ya moyo ghafla. Ukisikia jasho baridi na macho yakiona giza, sema mara moja, sindano zitolewe na miguu iinuliwe. Sindano zilizowahi kutumika, hata zikidaiwa kuchemshwa, zikataliwe kabisa kwa sababu ya homa ya ini aina ya B na VVU.

Mbegu ikiponyoka na kuingia kwenye tundu la sikio, inamisha kichwa upande huo na uvute ukingo juu na nyuma taratibu. Mara nyingi hudondoka. Isipotoka, usiingize kijiti cha pamba wala kibanio, usimwagie maji, kwa sababu mbegu hunyonya maji, huvimba na kukwama. Nenda kliniki yenye mtaalamu wa sikio, pua na koo, umwambie ni mbegu ya aina gani na imekaa humo tangu saa ngapi.